Ufuate Waya: Maradhi ya Picha katika Televisheni ya Kebo Majumbani



Nawashukuru waliokuja na barubaru wao, kwani mengi nitakayoyasema jioni hii yatafanywa na mikono ya hao vijana. Nimeombwa nizungumze juu ya televisheni ya kebo inapoanza kuleta chenga, kuganda, kukatika vipande, au kutoa sauti bila picha. Wapo wanaoliona jambo hili dogo. Mimi silioni hivyo. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati wenzetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi 1994. Kizazi kizima hapa kimekua na kioo hicho sebuleni. Humo ndimo mgonjwa asiyeweza kutoka anamosikiliza taarifa ya habari, na humo ndimo familia inamokutana baada ya futari. Mtu anapolipa ada yake kila mwezi kisha akakaa mbele ya kioo kilichoganda, amepoteza kitu cha haki yake.

Kusudi langu ni moja. Nataka kila aliyemo humu, akirudi nyumbani na kukuta picha imeharibika, aweze kusema kwa yakini ugonjwa uko wapi: kwenye seti, kwenye king'amuzi, kwenye waya wa ndani ya nyumba yake, au nje, upande wa kampuni ya kebo. Simtaki awe fundi. Nataka ajue pa kuanzia, na ajue lini asiguse.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Mkunazini. Mzee mwenye nyumba alikuwa amenunua televisheni mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa inaganda kila usiku. Ile mpya nayo ikaganda. Akanunua king'amuzi kingine. Kikaganda. Nilipanda darini, nikafungua konekta moja iliyokuwa imefungwa kwa mfuko wa plastiki na uzi, na maji yakanidondokea mkononi. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umegeuka rangi ya kijani kama njumu za mlango wa zamani usiosuguliwa. Konekta mpya ilimaliza tatizo. Seti ile ya kwanza, ambayo mzee alikwisha kumpa mtu, haikuwa na kosa lolote. Nyumba ile ndiyo iliyonifanya nianze kuzungumza na watu badala ya kuishia kuwatengenezea.

Hoja ya kwanza: picha ni msafiri

Televisheni haitengenezi picha. Inaipokea ikiwa imeshatembea mbali. Kampuni ya kebo inakusanya chaneli kwenye kituo chake, nyingi zikitoka angani kwa madishi makubwa, inazipanga kila moja kwenye masafa yake, kisha inazituma kwa pamoja ndani ya waya mmoja. Waya huo unapita kwenye nguzo na kuta, unaingia kwenye amplifaya za mtaani, unagawanywa nyumba kwa nyumba, unapenya dirishani kwako, unagawanywa tena chumba kwa chumba, na mwisho unaingia nyuma ya king'amuzi.

Nimekuja na kipande hiki, kipitisheni mkononi. Katikati mna uzi mmoja wa shaba, au wa chuma kilichopakwa shaba. Umezungukwa na povu jeupe. Juu ya povu pana karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ganda jeusi. Uzi wa kati unabeba mawimbi, wavu unayazuia yasitoroke na unazuia ya nje yasiingie. Povu si la kujaza nafasi tu: umbali baina ya uzi na wavu ndio unaoupa waya huu ukinzani wake wa omu 75, na vifaa vyote vya njiani vimetengenezwa kwa hesabu hiyohiyo. Ukiukunja waya kwa pembe kali, au ukauwekea mguu wa kabati, povu linabonyea, hesabu inavunjika pale pale, na sehemu ya mawimbi inarudi nyuma ilikotoka. Ndiyo maana malalamiko mengi huja baada ya watu kusogeza samani kwa ajili ya Sikukuu.

Hoja ya pili: uliza kabla ya kushika

Kabla hujafungua kitu, pima upana wa ugonjwa. Ni chaneli moja tu? Basi waya wako ni mzima kwa kiasi kikubwa, na huenda kosa liko kituoni. Muulize jirani mwenye kampuni hiyohiyo. Ni televisheni moja ya chumbani wakati ya sebuleni ni safi? Ugonjwa uko kwenye tawi la chumba hicho. Zote za nyumba yako? Uko kwenye waya unaoingia nyumbani, au kwenye kigawanyio cha kwanza. Wewe na majirani watatu? Usipande ngazi. Piga simu, useme hayo hasa: "Sisi nyumba nne za uchochoro mmoja tumekatika tangu adhuhuri." Maneno hayo yanampeleka fundi moja kwa moja kwenye amplifaya ya mtaa. Ukisema tu "TV yangu haifanyi kazi", atakuja kwako kwanza, atapoteza asubuhi nzima, na ninyi nyote mtalala bila picha.

Uliza pia lini. Kosa la mvua ya masika linatafutwa kwenye maji. Kosa la baada ya umeme kurudi linatafutwa kwenye king'amuzi na adapta yake: kichomoe ukutani, hesabu hata nusu dakika, kirudishe, ukipe muda wa kuamka. Kosa linalokuja kila mchana wa jua kali na kuondoka jioni linatafutwa kwenye maungio ya juu ya paa, kwani chuma kinatanuka kwa joto na mgusano dhaifu unaachia.

Halafu kuna jambo ambalo namwomba kila mtu alikumbuke hata akisahau mengine yote. Usikimbilie kutafuta chaneli upya. Mawimbi yakiwa dhaifu, king'amuzi hakitaziona chaneli nyingi, na orodha uliyokuwa nayo inaweza kufutika. Hapo utakuwa na matatizo mawili. Tafuta chaneli upya pale tu unapojua kwamba kampuni imezihamisha, na mawimbi yenyewe ni mazuri.

Hoja ya tatu: jifunze kuisoma picha

Waliokuwa na televisheni zama za analojia walikuwa na bahati moja ambayo hawakuijua. Picha ya analojia huugua hadharani. Mawimbi yakipungua kidogo, unaona chenga chache. Yakipungua zaidi, chenga zinajaa, lakini bado unamwona mpigaji penalti. Mtu alikuwa na wiki nzima ya kuonywa.

Hata kivuli kilikuwa na maana yake. Picha ikiwa na kivuli upande wa kulia, mawimbi yamegonga mahali palipobonyea yakarudi, kisha yakafika kwa mara ya pili yakiwa yamechelewa. Kivuli kikiwa kushoto, hiyo ni habari nyingine kabisa, na wazee wa kazi hii wanaikumbuka. Ndani ya waya wenye povu mawimbi yanakwenda kwa karibu asilimia 85 ya mwendo wa mwanga, na njia ya kebo ina mizunguko. Chaneli ileile ikiwa inarushwa pia hewani, mawimbi ya hewa yanafika nyumbani mapema kuliko ya waya. Yakipata wavu uliochanika au konekta iliyolegea, yanaingia, na picha yao inatangulia. Kwa hiyo kivuli cha kushoto kilikuwa kinakwambia kwamba ngao ya waya wako imetoboka.

Dijitali haifanyi hivyo. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia ya hewani usiku wa kuamkia mwaka 2013, na tangu hapo watu wengi wameniambia kwamba "dijitali ni nzuri, ila ikikatika inakatika ghafla." Wanasema kweli, na sababu yake ni hii. Ndani ya mawimbi ya dijitali mna hesabu za ziada za kurekebisha makosa. Waya wako unaweza kuwa unaoza kwa mwaka mzima, king'amuzi kinasahihisha kimyakimya, na wewe unaona picha safi kama ya kwanza. Siku makosa yanapozidi uwezo wa kusahihisha, picha inavunjika miraba, sauti inakatakata, kisha kioo kinakuwa cheusi. Baina ya picha safi na giza, tofauti inaweza kuwa desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi) moja au mbili. Nyumba mbili za ukuta mmoja, moja inaona mpira vizuri na nyingine haioni kitu, na mwenye picha nzuri anamwambia jirani yake kwamba seti yake ni mbovu. Huenda yeye mwenyewe amebakiwa na desibeli moja tu kabla ya kuanguka.

Kwa hiyo, dijitali ikiwa haionyeshi dalili, sisi tuitafute dalili. Ving'amuzi vingi vina ukurasa wa mawimbi ndani ya menyu, wenye mistari miwili: nguvu na ubora. Fungueni leo usiku, wakati picha ni nzuri, muandike namba hizo kwenye kipande cha karatasi na kuibandika nyuma ya king'amuzi pamoja na tarehe. Siku ya matatizo mtakuwa na cha kulinganisha. Nguvu na ubora vyote vikiwa chini, mawimbi yanapotea njiani. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, kuna kinachoyachafua: busta, yaani kikuza mawimbi, iliyozidisha, au mawimbi ya simu. Baadhi ya masafa ya simu za 4G yapo jirani ya MHz 800, ambamo kebo pia hubeba chaneli zake, na konekta iliyolegea inayakaribisha. Sogeza simu mbali na king'amuzi, ukaone kama miraba inapungua.

Nitaongeza alama moja ambayo mafundi wengi hawaitumii. Angalieni ni chaneli za masafa gani zilizokufa. Waya wa kebo wa aina ya RG-6 wa mita 100 hupoteza kiasi cha desibeli 5 kwenye masafa ya chini, na karibu 20 kwenye masafa ya juu. Kwa hiyo waya mrefu mno, mwembamba mno au uliolowa maji huanza kuua chaneli za juu. Uzi wa kati ukiwa umekatika kabisa ndani ya ganda, lakini ncha zake zimebaki karibu karibu, mambo yanageuka: masafa ya juu yanaruka ule upenyo, ya chini hayawezi. Chaneli za chini zikifa wakati za juu zinapeta, acheni kulaumu urefu wa waya, tafuteni mahali ulipokatika. Masafa ya kila chaneli yameandikwa kwenye ukurasa uleule wa mawimbi.

Hoja ya nne: mgao una bei yake

Watu wanadhani splita, yaani kigawanyio, ni kama njia panda: gari linapita huku au kule bila kupungua. Splita ni kama kugawa mkate. Ya matundu mawili inampa kila mmoja chini ya nusu, kwa hesabu desibeli 3.5 zimekwenda. Ya matundu manne inachukua 7, na kila tundu linabakiwa na kama sehemu moja ya tano. Ya manane inachukua kama 11.

Sasa tazama tunavyojenga. Mwanzoni ilikuwa televisheni moja, tukaweka splita ya mbili kwa ajili ya chumba cha bibi. Kijana akaoa akakaa juu, tukakata waya wa bibi tukaweka splita nyingine. Kisha ya tatu. Wa sebuleni amepoteza desibeli 3.5, wa mwisho 10.5, yaani anapata chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichoingia mlangoni, na waya wa kupanda ghorofani haujahesabiwa. Ondoeni mlolongo huo. Wekeni splita moja yenye idadi ya vyumba vyenu kamili, karibu na pale waya unapoingia, na kila chumba kipate waya wake usio na kiungo. Tundu lisilotumika lisiachwe wazi. Kuna kofia ndogo ya omu 75 ya kulifunga, la sivyo mawimbi yanarudi na kusumbua vyumba vingine.

Mama aliyekaa safu ya pili ananiuliza kwa macho: na busta je? Busta inasaidia ikiwekwa mwanzo, mahali mawimbi bado ni safi, kabla ya kugawanywa. Ikiwekwa chumba cha mwisho inakuza mawimbi dhaifu pamoja na uchafu wake wote, na namba ya nguvu inapanda huku ubora ukibaki palepale. Nimewahi kukuta nyumba yenye busta tatu, nikazitoa zote, nikabadilisha konekta mbili, picha ikakaa.

Hoja ya tano: chumvi, maji na mkono wa fundi

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu ni maradhi yetu wenyewe. Tunaishi kisiwani. Upepo wa kusi unabeba chumvi hadi ndani ya vyumba vya ghorofa ya tatu. Alumini ya wavu inaliwa ikawa unga mweupe. Shaba inaota kijani. Chuma kilicho chini ya ngozi nyembamba ya shaba kinapata kutu mara ngozi hiyo inapokwaruzwa na kisu. Konekta ya ndani ya nyumba ikiwekwa nje haina uwezo wa kuvumilia hayo.

Maji nayo yana njia yake. Yakiingia kwenye konekta ya juu hayakai pale. Wavu unayavuta kama utambi unavyovuta mafuta, yanatembea mita nyingi, na mara nyingine yanatokea nyuma ya king'amuzi. Waya uliolowa hivyo haukauki ukatumika tena; unatupwa. Kinga yake ni rahisi. Waya unapoingia ndani, uache ushuke chini ya tundu kwanza, ndipo upande kuingia, ili tone la mvua lidondoke kwenye kitanzi hicho lisifuate waya ndani. Kiungo cha nje kiwe kimetazama chini, chini ya kivuli, kimefungwa kwa mpira wa kuzibia maji na si kwa mfuko wa plastiki, kwani mfuko unayakusanya maji badala ya kuyazuia.

Kuhusu mkono wa fundi nitasema kwa upole lakini sitaficha. Konekta nyingi mbovu nilizozifungua hazikuuawa na chumvi. Zilizaliwa mbovu. Uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, umebaki ukigusa uzi wa kati, na mawimbi yanaishia hapo. Au uzi wa kati umekatwa mfupi, haufiki kwenye tundu. Unatakiwa utokeze kama milimita 3 nje ya ukingo wa konekta. Au konekta ya waya mnene imevishwa waya mwembamba na kubanwa kwa meno. Viungo vya kusokota waya kwa waya na kuvingirisha utepe mweusi si viungo vya kebo. Kwa taa vinaweza kuwasha, kwa masafa haya vinavunja ule umbali baina ya uzi na wavu niliousema. Vijana wanaojifunza: nunueni chombo cha kubania kabla hamjanunua simu mpya. Kazi yenu itasimama juu yake.

Unapotafuta kiungo kilichokufa, usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Chukua king'amuzi kinachojulikana kuwa kizima na waya mfupi mpya, nenda navyo pale kebo inapoingia nyumbani, unganisha hapo hapo. Picha ikiwa safi, kampuni imetimiza wajibu wake na ugonjwa ni wako. Rudi ndani hatua moja moja, baada ya splita, mwanzo wa tawi, mwisho wa tawi, mpaka picha iharibike. Kiungo baina ya mahali pazuri na mahali pabaya ndicho. Picha ikiwa mbaya pale mlangoni, usitumie hata shilingi moja ndani. Mwite mwenye waya, na umuoneshe hapo hapo.

Yapo makosa madogo ambayo hayana uhusiano na waya. Sauti ipo na picha ni nyeusi na nyeupe: kwa wanaotumia zile pini tatu za rangi, angalia kama king'amuzi hakikuwekwa kwenye mfumo wa rangi wa NTSC wakati seti inataka wa PAL, jambo la kawaida kwa vifaa vilivyoletwa na jamaa kutoka nje. Kioo kimeandika hakuna mawimbi lakini taa ya king'amuzi inawaka: huenda mtoto amebadilisha njia ya kuingilia kwa rimoti.

Hoja ya sita: mahali pa kuacha

Ukigusa konekta ukahisi mchonyoto wa umeme, acha. Chomoa televisheni na king'amuzi ukutani, usiguse tena, mwite fundi umeme. Waya wa kebo wa ndani haupaswi kuchoma mkono, na ukichoma, kuna kifaa kinachovujisha au wavu haukuunganishwa na ardhi. Utepe mpana wa kiza unaopanda au kushuka polepole kwenye picha ya analojia ni ndugu wa tatizo hilo. Waya wa nguzoni usiukate kamwe, kwani mara nyingi ndani yake mnapita umeme wa kuendeshea amplifaya. Radi ikikaribia, chomoa umeme na chomoa kebo pia.

Ndugu zangu, waya huu wa shaba hautadumu milele. Nyuzi za kioo, zinazobeba picha kwa mwanga, zimeshaanza kuingia mitaani mwetu. Kioo hakipati kutu ya chumvi, na mwanga hausumbuliwi na simu. Lakini kioo kinachukia kukunjwa, na vumbi kidogo kwenye ncha yake linatosha kuzima picha. Kuna jambo jingine la kulifikiria mapema: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kila kampuni mpya ikija na misumari yake na kutoboa matundu yake, kuta hizo zitaumia. Napendekeza, Mwenyekiti, kamati za mitaa zikae na kampuni sasa, kabla nyuzi hazijafika kila uchochoro, wakubaliane juu ya mabomba ya pamoja ya kupitishia, na juu ya kisanduku kimoja kwenye kila nyumba kitakachokuwa mpaka baina ya kazi ya kampuni na kazi ya mwenye nyumba. Mpaka huo ukijulikana, ugomvi mwingi ninaouona utakwisha.

Na kwa vijana: Jumamosi ijayo baada ya sala ya alasiri nitakuwa hapa uani na meza mbili, mita 50 za waya, konekta mpya na zile zilizooza nilizozikusanya kwa miaka. Kila mmoja aje na kisu kikali na nguo ya kujifutia mikono. Tutaanza kwa kuzipasua zilizokufa, tuone kila moja ilikufa kwa nini.